Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria na Waheshimiwa Wabunge: ndoa ya binti isipigiwe kura

Arusha, Oktoba 2023

Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria,
Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali,
Waheshimiwa Wabunge,

Kwa heshima na taadhima nawasalimu.

Mwezi huu inatimia miaka minne tangu Mahakama ya Rufani ya Tanzania, tarehe 23 Oktoba 2019, ilipoitupa rufaa ya Serikali na kuthibitisha kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vinavyoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, na hata wa miaka 14 kwa kibali cha mahakama, vinakwenda kinyume na Katiba. Kabla ya hapo Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, ilikuwa imekwisha kutoa uamuzi huo huo mwezi Julai 2016 na kuipa Serikali mwaka mmoja irekebishe sheria. Mwaka mmoja huo sasa umekuwa miaka saba. Kila tunapouliza kulikoni, jibu tunalopewa ni kwamba maoni bado yanakusanywa, kwa kuwa ndoa ni jambo linalogusa mila na dini za watu, na kwamba hapana budi wengi waridhie kwanza.

Ni sharti hilo la wengi kuridhia lililonisukuma kuandika. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kaloleni, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiitwa kuwa mshenga katika posa za ndugu, za majirani na za wanafunzi wangu wa zamani. Sina ugomvi na Serikali inayowasikiliza watu wake. Ningekuwa na ugomvi na isiyowasikiliza. Wengi wape, walisema wahenga, na katika mambo mengi ya nchi hii nimewapa hata pale nilipokuwa upande wa wachache. Lakini swali la nani aolewe na nani, na lini, siamini kwamba ni la wengi, na naomba mnivumilie nieleze kwa nini.

Tuanze na hao wengi wenyewe. Ibara ya 5 ya Katiba inampa haki ya kupiga kura raia aliyetimiza miaka 18, ilhali vifungu tunavyobishania vinamhusu msichana ambaye hajaifikisha. Maana yake ni kwamba katika kura yoyote itakayopigwa juu ya jambo hili, iwe ya maoni, ya uchaguzi au ya kunyoosha mikono mkutanoni, kila mtu atakuwa na sauti isipokuwa yule anayeolewa. Baba yake atapiga kura, mwoaji atapiga kura, wazee wa ukoo watakaogawana blanketi na vinywaji vya mahari watapiga kura, na mimi mzee ambaye hakuna tena atakayeniposea mke nitapiga kura. Ibara ya 21 inasema kwamba kila raia anayo haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu yeye na maisha yake. Sioni jambo linalomhusu binti wa miaka 15 kuliko hili, wala sioni ni katika hatua gani ya kukusanya maoni atakaposhirikishwa.

Niliwahi kuhudhuria mkutano mmoja wa aina hiyo, katika kata isiyo mbali na mjini. Kwenye viti vya plastiki vya mbele walikaa wazee na viongozi wa dini. Akina mama walikaa kwenye mabenchi ya nyuma, na wengine chini kwenye majani. Kabla mjadala haujaanza, aliyeongoza aliomba watoto watoke ili wakubwa wazungumze mambo ya wakubwa, na mabinti waliokuwa wamesimama pembeni, wengine wakiwa na sare za shule na wengine wamebeba wadogo zao mgongoni, wakaenda kusikilizia nyuma ya dirisha. Walizungumza wanaume kadhaa kwa kirefu. Akina mama walizungumza wawili tu, na mmoja wao alianza kwa kuomba radhi. Kisha mikono ikanyooshwa, ikahesabiwa, ikaandikwa katika daftari kwamba wananchi wengi wa eneo lile hawaafiki kubadilishwa kwa umri wa kuolewa. Sina shaka kwamba hesabu ilikuwa sahihi.

Inasemwa kwamba kura ya namna hiyo inalinda mila. Kwa kuwa ni mila ninayoifahamu kwa kuifanyia kazi, niruhusuni niseme inavyokwenda. Wageni wa posa hufika, hutozwa faini ya kuchelewa hata kama hawakuchelewa, huketishwa, na mazungumzo huanza kwa mafumbo mpaka jua linapanda. Mahari huandikwa kipengele kwa kipengele: ng'ombe, mbuzi, blanketi la bibi, mbege kama ni Wachagga, asali kama ni Waarusha, na siku hizi fedha taslimu zinazoitwa kwa majina ya vitu vyote hivyo. Wazee huvutana, hupunguza, huongeza, na mwishowe husema wameridhia. Lakini hapo shughuli haijaisha. Binti huitwa kutoka ndani, akiwa amejifunika khanga, na mjomba au shangazi humuuliza mbele ya wote: unawafahamu wageni hawa, na tupokee walichokileta? Ukumbi mzima hunyamaza, kwa sababu kila mzee aliyepo anajua kwamba wingi wao hapo hauna kazi.

Nimeona siku ambayo binti, aliyekuwa mtu mzima na mwenye kazi yake, alijibu kwamba wageni anawafahamu ila wasipokelewe. Pande zote mbili zilikuwa zimekwisha kukubaliana na kreti za soda zilikuwa zimekwisha kufunguliwa. Tulikunja karatasi zetu tukaaga kwa heshima, na hakuna mzee aliyesema tupige kura tuone walio wengi wanasemaje. Nimeona pia siku nyingine, nikiwa mgeni tu, binti wa miaka kumi na sita akiulizwa swali lile lile. Alimtazama baba yake, baba akatikisa kichwa kukubali, naye akasema wapokee. Vigelegele vikapigwa. Swali liliulizwa kwa utaratibu wote wa kimila, lakini aliyejibu hakuwa yeye. Umri wa miaka 18 unaodaiwa na mahakama haulifuti swali la shangazi. Unahakikisha kwamba linapoulizwa, anayejibu ana uwezo wa kusema hapana na kurudi chumbani kwake akiwa salama.

Na sheria yenyewe, Waheshimiwa, inalijua hilo kwa watu wazima. Kifungu cha 16 kinasema hakuna ndoa pasipo ridhaa ya hiari ya wanaooana. Kijana na binti waliotimiza miaka 18 hawahitaji ruhusa ya baba, ya ukoo wala ya kata. Hutoa taarifa siku 21 kabla, tangazo hubandikwa, na mwenye pingamizi hutakiwa kuleta sababu inayotambuliwa na sheria, kama vile udugu wa karibu au ndoa nyingine iliyopo. Kutompenda mkwe si pingamizi, hata kama asiyempenda ni ukoo mzima. Hapa Arusha tunao Waislamu na Wakristo waliooana bomani, Wachagga na Wamasai, Wapare na Wahindi, na katika familia nyingi za namna hiyo najua hakika kwamba kura ya ukoo ingekuwa ya kukataa. Hatukuwapigia kura. Wapo, wanalea, na wale wajomba waliosusa harusi leo ndio wa kwanza kufika kwenye ubatizo na akika.

Ni ajabu basi kwamba wengi, ambao sheria inawanyima sauti juu ya ndoa ya mwanamke wa miaka 30 anayeweza kujitetea, wapewe sauti ya mwisho juu ya ndoa ya msichana wa miaka 15 asiyeweza.

Natambua kwamba sheria ya 1971 haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1969 Serikali ya Mwalimu Nyerere ilitoa waraka wa mapendekezo, ukajadiliwa, na matokeo yake yakawa sheria moja iliyoziweka pamoja ndoa za kimila, za Kikristo, za Kiislamu na za kiserikali. Ilikuwa kazi ya kijasiri, na Serikali ilipojitetea mahakamani kwamba vifungu vya umri viliwekwa kuzingatia mila na dini haikusema uongo. Lakini sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 66, ilikataza mume au mke kumpiga mwenzake. Sidhani kama kuna mkutano wa hadhara wa mwaka 1971 ambao ungekipitisha kifungu hicho kwa kunyoosha mikono, na sijasikia mtu akidai kirudishwe kwa wananchi ili waamue upya. Waliotunga walijua kwamba mahali pengine sheria hutangulia na watu hufuata.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa Serikali iliyosikiliza wengi kisha ikafanya lililo haki kwa wachache. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali ilizunguka nchi nzima kuuliza kama tuendelee na chama kimoja au tuingie katika vyama vingi. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Wengi wenu mnaosoma barua hii mmeingia bungeni kupitia mlango uliofunguliwa na uamuzi huo, iwe ndani ya chama tawala kilicholazimika kushindana au ndani ya vyama ambavyo visingekuwapo. Hoja ilikuwa nyepesi: kama robo au hata tano moja ya raia wanataka kujiunga na chama kingine, wale waliobaki hawapungukiwi na chochote kwa kuwaachia. Hesabu hiyo hiyo inafaa hapa. Baba ambaye hataki kusubiri binti yake afikishe miaka 18 anachopoteza ni miaka mitatu ya kungoja mahari. Binti aliyeolewa na miaka 15 anachopoteza hakirudi.

Upo mfano mwingine, na huo umeandikwa humu humu mjini kwetu. Mwaka 2009 Bunge la Mali lilipitisha sheria mpya ya familia iliyoweka umri wa ndoa kuwa miaka 18 kwa wote. Maelfu kwa maelfu ya watu waliandamana Bamako wakiongozwa na viongozi wa dini, Rais akairudisha sheria bungeni, na ile iliyopitishwa mwaka 2011 ikamshusha msichana hadi miaka 16. Vyama viwili vya kutetea haki vililifikisha suala hilo katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni hapa Arusha. Serikali ya Mali ilijitetea kwa maneno ambayo mtayatambua mara moja: kwamba shinikizo la umma lilikuwa kubwa, na kwamba sheria haina budi kuendana na hali halisi ya jamii, mila na dini. Tarehe 11 Mei 2018 mahakama ilisema Mali imekiuka wajibu wake, ukiwamo ule wa Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, inayotaka umri wa chini wa ndoa uwe miaka 18. Tanzania iliridhia itifaki hiyo mwaka 2007. Nasikitika kuongeza kwamba mwezi mmoja tu baada ya hukumu ya Mahakama yetu ya Rufani, nchi yetu iliondoa tamko lililowaruhusu wananchi kwenda moja kwa moja katika mahakama hiyo ambayo sisi wa Arusha tunapita karibu na uzio wake tukienda sokoni.

Kwingineko duniani historia ya wengi na ndoa haipendezi. Afrika Kusini, mwaka 1949, bunge lililochaguliwa kwa sehemu kubwa na Wazungu lilipiga marufuku ndoa kati ya Wazungu na watu wengine, na marufuku hiyo ilidumu hadi 1985. Wengi wa walioathirika hawakuwa na kura. Marekani, Mahakama ya Juu ilizifuta sheria za namna hiyo mwaka 1967 wakati walio wengi bado hawakuziafiki ndoa hizo, na jimbo la Alabama lilipopiga kura ya kuondoa katazo hilo katika katiba yake mwaka 2000, kiasi cha asilimia 40 bado walitaka libaki.

Naongeza mfano mmoja ambao najua hautawafurahisha baadhi yenu. Mwezi Mei 2015 wananchi wa Ireland walipiga kura ya maoni juu ya ndoa za watu wa jinsia moja na asilimia 62 wakaziunga mkono. Mwaka 2008 wapiga kura wa California walikuwa wamezikataa kwa asilimia 52. Kifungu cha 9 cha sheria yetu kinaitaja ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, na barua hii haiombi kigeuzwe. Nazitaja kura hizo kwa sababu, nilipokuwa nikijadiliana na marafiki zangu mashehe na wachungaji wanaosema kwamba umri wa kuolewa uamuliwe na wengi, niliwauliza kama basi matokeo ya Ireland ni halali kwa kuwa ni ya wengi. Walinijibu bila kusita kwamba ndoa si jambo la kuhesabu vichwa. Sikuwa na la kuongeza, isipokuwa kuomba kwamba jibu hilo litumike pia pale hesabu inapoegemea upande wao.

Kuna hoja ninayoiheshimu zaidi ya hizo, nayo ni ya mzazi maskini. Binti amemaliza darasa la saba, hakuendelea, yuko nyumbani, vijana wa bodaboda wanapita kila jioni, na mama anaona bora aolewe kwa heshima kuliko apate mimba bila baba. Hofu hiyo ni ya kweli na mtu asiyewahi kulea asiibeze. Lakini tazameni sheria inavyomjibu mama huyo. Tangu 2016, Sheria ya Elimu inamfunga miaka 30 anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari. Hivyo katika nyumba moja, binti aliye kidato cha pili analindwa na kifungo cha miaka 30, na ndugu yake wa umri ule ule aliyekosa nafasi ya kuendelea na shule anaweza kutolewa mahari kesho. Kanuni ya Adhabu nayo, katika kifungu cha 130, inahesabu kuwa ni ubakaji kumwingilia msichana wa chini ya miaka 18 hata akiridhia, isipokuwa awe mke wa mtu huyo, ametimiza miaka 15 na hawajatengana. Tendo ni moja, msichana ni mmoja. Kinacholigeuza jinai kuwa unyumba ni ridhaa ya baba. Sheria kama hiyo haimpunguzii mama hofu. Inamwonyesha tu mahali pa kuihamishia.

Wapo pia watakaosema kwamba nataka majaji wawapiku wananchi. Si majaji walioandika Hati ya Haki katika Katiba yetu. Ni Bunge, mwaka 1984, lililokubali kwamba yapo mambo ambayo hata lenyewe, kwa wingi wake, halitayagusa bila sababu nzito, na usawa mbele ya sheria ni mojawapo. Mahakama iliwakumbusheni ahadi yenu wenyewe.

Ningeweza kuwaambia kwamba hata kwa hesabu wengi wamekwisha kuamua. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha kwamba wanawake 31 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza 18, yaani karibu 7 kati ya 10 hawakuolewa utotoni, chochote ambacho baba zao walikinyooshea mkono mkutanoni. Lakini sitaki kuiegemea hoja hiyo. Hata kama tarakimu zingegeuka, ningeandika barua hii hii, na kwa wale 31 ningeiandika kwa haraka zaidi.

Ombi langu, Mheshimiwa Waziri, ni kwamba muswada wa kurekebisha vifungu vya 13 na 17 uletwe bungeni katika kikao kijacho, umri uwe miaka 18 kwa mwanamume na kwa mwanamke, bila mlango wa nyuma wa kibali cha mzazi au cha mahakama, na ule mwanya wa kifungu cha 130 uzibwe siku hiyo hiyo. Waheshimiwa Wabunge, mkiulizwa majimboni kwa nini hamkuwafuata walio wengi, mwambieni anayeuliza asome hukumu ya 2019.

Maoni yakusanyweni, ila juu ya yale yanayohitaji maoni. Tuulizeni binti asiyesoma afanye nini kati ya darasa la saba na miaka 18, na chuo cha ufundi kiwe umbali gani na nyumbani kwao. Tuulizeni posa za kimila ziandikishwe wapi ili umri ujulikane kabla ng'ombe hawajaswagwa. Na zaidi ya yote waulizeni, wao wenyewe, bila baba wala mume kuwapo, wale ambao wamekwisha kuolewa wakiwa na miaka 15 na 16: wanataka sheria mpya iwatendee nini, ili siku itakapoanza kutumika asiwepo mume atakayeitumia kusema kwamba ndoa ile haikuwa ndoa, kwamba watoto hawamhusu, na kwamba shamba walilolima pamoja mke hana sehemu ndani yake. Hilo liandikwe katika muswada wenyewe, kwa kifungu chake, lisiachwe kwenye kanuni.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu na mshenga,
Kaloleni, Arusha